Bloodlines inagoma na umeshaweka patchi

Mkuu, umeuliza mbona Bloodlines inagoma kufunguka. Hiyo meseji ya kwamba RAM (memori ya kompyuta) haifiki megabaiti 15 wakati mashine yako ina RAM kibao isikutishe, ni bagi ya Vampire: The Masquerade – Bloodlines yenyewe, gemu ya kompyuta ya 2004 hiyo, kompyuta za leo zinaichanganya hesabu. Patchi ya mashabiki, yaani faili la marekebisho waliyotengeneza wao, inaimaliza kabisa, na Troika walioitengeneza gemu walishafunga 2005 kwa hiyo hao mashabiki ndo mafundi waliobaki.

Sasa unasema umeiweka na bado inagoma, mi nahisi umekosea folda. Iweke palepale ilipo vampire.exe, ukimaliza utaona folda mpya imetokea inaitwa Unofficial_Patch, na kama gemu umeipata Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, fungua sehemu ya launch options (maagizo ya kufungulia gemu) uandike -game Unofficial_Patch, bila hivyo inafunguka ileile ya zamani utadhani hujafanya kitu. Pia itoe gemu kwenye Program Files, Windows ina ubahili wa ruhusa mle ndani.

Seivu za kabla ya patchi zisahau tu, mi nililazimisha yangu milango ikagoma kufunguka katikati ya misheni nikaanza upya kwa hasira. Wakati wa kuinstoo patchi chagua basic, ile plus inarudisha vitu vilivyokatwa kwenye gemu, iache kwa raundi ya pili.