Amepangua msimbo wetu wote, sasa tunagombana

SWALI: Tuko watunzaji watatu wa programu huria ya kusimamia stoo za dawa, imeandikwa kwa Python. Mchangiaji mpya ametuletea ombi moja la kuunganisha (pull request, yaani mabadiliko anayotaka yaingizwe kwenye msimbo) lenye mistari 4,000 hivi: amehamisha faili, amebadili majina, na humohumo amerekebisha hitilafu mbili. Mmoja wetu anataka lifungwe, mwingine anasema kazi ni nzuri. Maneno yameanza kuwa makali. Tufanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Msiliunganishe lilivyo, wala msilifunge kimyakimya. Tatizo si ubora, ni kwamba halikaguliki: mistari iliyohamishwa tu inaificha ile iliyobadilishwa. Kwenye kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo endeshi), kiraka (furushi la mabadiliko ya msimbo) kinachohamisha msimbo kwenda faili nyingine hakitakiwi kuugusa kwa jambo lingine lolote.

Mwombeni azitoe hitilafu mbili kwanza, kila moja na ombi lake na jaribio lake, nanyi mzikague upesi. Akiona kazi yake imeingia, hasira hupungua sana.

Kuhusu upangaji wenyewe, “msimbo safi zaidi” si hoja. Hapo mtabishana ladha mpaka mwakani. Muulizeni: ni kazi gani ijayo itakayorahisishwa? Halafu hesabuni maombi yaliyo wazi yanayogusa faili hizohizo, maana yote yatagongana, na atakayeyanyoosha ni mtu mwingine, si yeye. Mkiwa bado mnatunza toleo la zamani, viraka vya usalama navyo havitalingana tena na msimbo mpya. Itabidi kila kimoja kiandikwe upya kwa mkono.

Hoja yake ikisimama, aigawe kazi: komiti (hatua za mabadiliko zinazohifadhiwa kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo) za kuhamisha peke yake, za kubadili mantiki peke yake, na majaribio yapite kwenye kila komiti, la sivyo siku mtakayotafuta hitilafu kwa `git bisect`, inayosaka komiti iliyoileta, mtakwama. Kagueni kwa `git diff --color-moved`, inayotofautisha kwa rangi mistari iliyohama bila kuguswa. Jina ambalo watumiaji wa nje wanaliita lisifutwe papo hapo. Liendelee kuita jipya huku likitoa `DeprecationWarning`, onyo kwamba litaondolewa, walau kwa toleo moja.

Kwa mabadiliko ya mpangilio wa maandishi tu, tangu Git 2.23 ya mwaka 2019 mnaweza kuorodhesha komiti hizo kwenye faili na kuitaja kwa `blame.ignoreRevsFile`, ili `git blame`, inayoonyesha nani alibadili kila mstari mara ya mwisho, iziruke. Watengenezaji wa Django, mfumo wa Python wa kujenga tovuti, walipitisha kwa maandishi mwaka 2019 kwamba watatumia Black, programu inayopanga mpangilio wa msimbo yenyewe; msimbo wote ukapangwa nayo Februari 2022, Black ilipokuwa imetoa toleo thabiti.

Wekeni siku saba za kujadili. Baada ya hapo kura mbili kati ya tatu zinatosha, na sababu iandikwe kwenye ombi lenyewe.

SWALI: Na kama anayepangua bila kuuliza ni mtunzaji mwenyewe?

JIBU: Fungeni tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo) lisipokee komiti ya moja kwa moja. Kila ombi lihitaji idhini ya mwingine, hata la mwanzilishi.