Kabla hujaandika "maudhui ya dini": kwa mnaoanza utafiti wa tenzi

Kila mwaka wanafunzi wapya wa fasihi huja na mada ile ile: nafasi ya dini katika jamii, utamaduni na fasihi ya Kiswahili. Mada ni nzuri, na huwaambia waishike. Ninachowaomba ni kwamba wasianze kwa kuuliza utenzi unasema nini kuhusu dini. Waulize kwanza ulisomwa wapi, nani alisoma, nani alikaa kusikiliza, na msikilizaji alitarajiwa kuondoka na nini. Kwa watunzi wa Pate na Lamu, visiwa vya kaskazini mwa pwani ya Kenya, dini haikuwa mada ya kuchagua kama leo mtu anavyochagua kuandika kuhusu rushwa au mapenzi. Kutunga kwenyewe kulikuwa ibada, na kusikiliza pia.

Chukueni utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Wengi huufikia wakiwa na kalamu tayari, wanapigia mstari beti zinazomwagiza mke amtii mumewe, kisha wanaandika kwamba mtunzi anaendeleza mfumo dume. Hoja hiyo ina mahali pake, siipingi. Lakini rudini mwanzo. Mama, ndiye mtunzi mwenyewe, ni mgonjwa. Anamwita bintiye asogee, achukue wino na karatasi. Anamwambia anampa hirizi, aifunge vizuri kwa uzi. Na mbele huko, baada ya nasaha zote, anageuka kwa Mungu na kuomba: kwa ajili yake, kwa ajili ya wanawe, kwa ajili ya ndugu na jamaa. Huyu ni mzazi anayejua huenda hatakuwepo kumlinda mwanawe, na anatumia kinga aliyo nayo. Nimesoma tasnifu kadhaa ambazo sehemu ya dua imerukwa kwa kuwa eti haina hoja. Mwenye kuiruka hajaona kwa nini utenzi ulitungwa.

Utenzi wa Tambuka una mtego wa aina nyingine. Ulitungwa Pate na Bwana Mwengo bin Athumani mwaka 1728, na unasimulia vita kati ya jeshi la Mtume na la Herekali, kaisari wa Rumi. Mwanafunzi makini hufungua vitabu vya historia, anakuta kwamba katika msafara wa Tabuk (ndiyo Tambuka ya utenzi) wa mwaka 630 majeshi hayo hayakupigana, basi anaandika ukurasa mzima kuonyesha mtunzi alivyokosea. Huo ukurasa uondoeni. Ulizeni badala yake watu wa Pate walitaka kusikia nini juu ya ushujaa wa Ali, mkwewe Mtume, juu ya ahadi ya pepo, juu ya dola kubwa inayoshindwa na watu wa imani. Kumbukeni kwamba pwani hii ilikuwa imeonja utawala wa Wareno, na mwaka huo huo wa 1728 Wareno walirudi Ngome ya Mombasa kwa muda mfupi kabla ya kutolewa tena. Sisemi utenzi ni fumbo la siasa. Nasema wasikilizaji hawakuwa hewani.

Al-Inkishafi, shairi la kuanguka kwa fahari ya Pate, nataka niikalie kidogo, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi na orodha za maudhui. "Dunia ni pumbao, kifo hakina hodi": mtu anaandika hivyo na kuhamia swali linalofuata. Sasa tazameni anachokionyesha Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Anatupitisha ndani ya nyumba za mabwana wa Pate. Zile zidaka za ukutani zilizokuwa zikipangwa sahani, sasa zimelaliwa na makinda ya ndege. Aliyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu anajua zidaka ni nini: safu za vishimo vilivyopambwa kwa chokaa, vinavyomkabili mgeni, vyenye vyombo vya kauri vilivyovuka bahari. Hapo ndipo ukoo ulipoonyesha heshima yake. Kwa hiyo mahubiri yake juu ya kufa hayaelei juu juu. Yanagusa kitu ambacho kila msikilizaji alikuwa nacho nyumbani, au alikitamani. Mkiweza, nendeni Lamu, mwombe kuingia nyumba moja ya zamani, msimame mbele ya ukuta huo, ndipo mrudi kwenye beti. Mtaandika kitu kingine kabisa.

Msifungie dini ndani ya Uislamu pekee. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki wa Dodoma, alichukua bahari ya utenzi, yaani mizani na vina vyake, iliyolelewa na masharifu na kusimulia Injili kwayo. Tafsiri kamili ya kwanza ya Qurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana wa Zanzibar. Mwaka 1953 ikafuata ya Waahmadiya, kundi ambalo Waislamu wengi hutofautiana nalo, na mwaka 1969 ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyewajibu wote wawili humo humo kwenye maelezo yake. Anayetaka kuona dini ikiisukuma lugha, hapo ana kazi ya miaka.

Jifunzeni khati za Kiarabu mapema, hata kidogo, maana tenzi za zamani ziliandikwa kwazo. Miswada mingi iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha SOAS, London, na sehemu yake mnaweza kuiona kwenye intaneti. Katika uandishi wa zamani herufi moja ilibeba sauti za b, p na hata mb, kwa hiyo kila utenzi mnaousoma kwa herufi za Kirumi umeshapitia maamuzi ya mtu. Linganisheni matoleo mawili kabla ya kujenga hoja juu ya neno moja.

Kuhusu kwenda uwandani, nitasema machache. Wanafunzi Waislamu, msidhani mnajua kwa kuwa mmelelewa na maulidi. Ulizeni hata lililo wazi. Wakristo, msijifiche kwa aibu ya kutojua. Wazee wetu hupenda kufundisha anayeuliza kwa adabu. Mkialikwa kwenye maulidi ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, huko Lamu, simameni wanaposimama watu kwenye kiyamu, sehemu ya maulidi inayosomwa kwa kusimama, pokeeni marashi mkinyunyiziwa, na kinasa sauti kibaki mfukoni mpaka mwenye shughuli aridhie. Wasichana wana mlango ambao wenzao wa kiume hawana: tenzi nyingi zimehifadhiwa na kusomwa na wanawake, kwenye vikao vyao wenyewe. Itumieni nafasi hiyo.

Na mkimpata bibi atakayekubali kuwasomea, mwacheni aanze na bismillahi na amalize na dua yake, bila kumkatiza ili mpate beti mnazozitaka. Mkirudi kuandika, dua hiyo iingizeni kwenye nakala yenu pamoja na beti, palepale alipoisoma, na mwandike nani walikuwa wamekaa naye na nani aliitikia amina.