Jibu: Natetemeka nikianza kueleza wazo langu

Mkuu, umesema programu yako ya kuwaunganisha wakulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, na wanunuzi inafanya kazi, ila ukisimama mbele ya wenye fedha sauti inakauka. Pole, yalinikuta. Mara ya kwanza nilikariri kila neno kama shairi la mtihani. Swali moja tu la bei likanivuruga, nikabaki nashikashika kola.

Kilichoniponya ni soko. Nilienda soko la Majengo nikawa naeleza wazo langu kwa akina mama wauza mboga, dakika mbili kila mmoja. Wale hawakubembelezi: asipoelewa anageukia mteja. Siku ya tatu nikawa naijua sentensi inayowafanya waulize, "Sasa we' hapo unapata nini?" Nikaanza nayo.

Kwa hiyo usianze na programu. Anza na mkulima: zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, zikiiva hazisubiri, na asiye na mnunuzi anakubali bei ya dalali. Kisha taja wakulima walioitumia, hata wakiwa saba. Namba uliyoihesabu mwenyewe huwezi kuisahau kwa woga.

Kuhusu msaada, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (vijana 4, wanawake 4, wenye ulemavu 2) kwa vijana inataka kikundi kilichosajiliwa. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako mapema, makaratasi yanachosha kuliko hao wenye fedha.

Ukipangiwa siku nistue, nije nikubane maswali kabla yao.