Mwaliuliza: leso, madafu na kahawa ya dele

Wahariri, salamu aleikum. Mimi ni mgeni kutoka bara na raha yangu ya Jumamosi ni kuzunguka Biashara Street hapa Mombasa nikitazama leso. Niliyonunua majuzi ilikuwa ngumu na ya kung'aa dukani. Kuifua mara moja tu, imelegea na rangi imeharibu shuka. Je, nimepunjwa?
Mgeni, Tudor

Huenda hukupunjwa. Ugumu ule ni wanga, nao hutoka kwa maji ya kwanza. Unachonunua ni kitambaa kilicho chini yake. Ukiwa dukani, pikicha pembe ya leso kwa vidole mpaka ilainike, kisha iinue kwenye mwanga. Ikionyesha vitundu kama chujio, irudishe. Geuza upande wa nyuma pia: rangi iliyopenya vizuri huonekana huko karibu sawa na mbele.

Doti ina leso mbili, basi zikague zote mbili. Kunja kila moja katikati uone kama pindo zinakutana. Zikipishana, iliwekewa chapa upande, na hakuna fundi wa kuirekebisha. Atakata doti na kupinda kingo mbichi, basi. Ukitaka kujua kama ni pamba, chomoa uzi mmoja ukauchome nyumbani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hunywea ikawa kidonge kigumu. Haichuji upesi, hiyo ni kweli, lakini hainywi jasho, na joto la kaskazi unalijua.

Kuhusu kuchuja: watu watakwambia uiroweke kwa chumvi. Jaribu ukipenda, ila chumvi haitaifunga rangi iliyokwisha kuzidi kitambaani. Dawa ni kuifua peke yake kwa maji baridi mengi, ukibadilisha maji mpaka yatoke meupe. Usiilaze ndani ya beseni: rangi iliyotoka hurudi ikaganda kwenye sehemu nyeupe za mji, yaani eneo la katikati ya leso. Ianike kivulini, ndani nje.

Na kwa kuwa wapenda kutazama, soma maandishi madogo kabisa ya pindoni. Ukikuta "Mali ya Abdulla", hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, la tangu 1887.

Kila nikienda Mama Ngina kupunga upepo nanunua dafu. Siku nyingine nyama ni ngumu, siku nyingine maji yana uchachu. Nachagua vipi?
Mpenda bahari, Likoni

Sema unachotaka kabla panga halijainuliwa: la maji, au la ukomba, ile nyama laini ya ndani. Wauzaji wengi hawakosei wakiulizwa. Wakiachwa, watakupa lililo karibu na mkono. Mnazi hutoa kidaka, kikawa kitale, kisha dafu, koroma, mwisho nazi. Wewe umekuwa ukiuziwa koroma. Litikise sikioni: dafu lililojaa halisemi kitu, koroma husikika maji yakicheza kwa sababu yamepungua ndani. Usihukumu kwa rangi, maana dafu la manjano laweza kuwa kitamli tu, aina ya nazi ambayo ni ya manjano hata ikiwa changa.

Uchachu ni habari nyingine. Hutokana na dafu lenye ufa, au lililochongwa asubuhi likakaa juani likingoja mteja. Lichongwe mbele yako, na maji yakiwa na povu au harufu, lirudishe papo hapo bila haya. Ukimaliza kunywa, mwambie alipasue na akuchongee kijiko cha kumbi. Ukomba hauliwi kwa kijiko cha chuma.

Kahawa tungu ya Mji wa Kale naipenda, lakini hunijaza mashapo mdomoni. Kuna njia?
Mnywaji, Kisauni

Ipo. Kikombe kikishamiminwa, kiache kitulie kidogo huku ukitafuna kashata. Usikizungushe. Kunywa kwa mafunda madogo, na funda la mwisho mwaga. Ukimkuta muuzaji anamimina dele, lile birika lake la kahawa, likiwa karibu tupu, mashapo yote yako chini humo. Ngoja ajaze jingine.