Kuipeleka riwaya ya katuni kwenye filamu: anza na muda

Wengi wanaotaka kutengeneza filamu kutokana na riwaya ya katuni inayopendwa huanza na sura: mwigizaji gani anafanana na mhusika, koti liwe rangi gani. Hayo yanaweza kusubiri. Kinachoziangusha nyingi ni muda. Msomaji hujipangia mwendo wake. Akitaka hukaa kwenye fremu moja, yaani kisanduku kimoja cha mchoro, hadi aridhike, akitaka hurudi kurasa kumi nyuma. Mtazamaji ukumbini hapewi nafasi hiyo.

Chukua Watchmen, riwaya ya katuni ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka kwa matoleo 12 mwaka 1986 na 1987. Kurasa zake nyingi zina fremu tisa, safu tatu za fremu tatu. Toleo la tano limepangwa kama kioo: ukurasa wa kwanza unafanana kimpangilio na wa mwisho, wa pili na ule unaoutangulia wa mwisho, hivyo hivyo hadi katikati. Msomaji hufunua huku na huku akalinganisha. Kwenye filamu, hata ukipiga shoti zilezile, mtazamaji ameshaisahau ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kuandika skripti, pitia kitabu ukurasa kwa ukurasa na uandike pembeni kila ukurasa unamfanyia nini msomaji: unamtisha, unamficha jambo, unampumzisha? Kisha tafuta katika sauti, ukimya, mwendo wa kamera au uhariri kitu kitakachofanya kazi hiyohiyo.

Halafu piga hesabu. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja. Filamu ya Watchmen ya Zack Snyder ya mwaka 2009 iliingia kumbini ikiwa na dakika 162, na bado ile hadithi ya maharamia iliyomo ndani ya kitabu ilibidi itolewe kando kama filamu ya katuni. Iliporudishwa ndani, katika toleo refu kuliko yote, jumla ikawa dakika 215. Mwisho nao ulibadilishwa, lile dude kubwa linalotokea ghafla New York katika kilele cha kitabu likaachwa. Wasomaji wengi walikasirika, lakini dude lile limeandaliwa kitabuni tangu mapema, kwa habari za wasanii waliotoweka na kisiwa walikopelekwa. Ukikata maandalizi ukabakiza kilele, mtazamaji ataona kimezuka tu. Unapopunguza, weka kila mkondo wa hadithi rangi yake ya penseli, na unaouondoa uondoe wote.

Kama kitabu kina juzuu nyingi, chukua chache. Marguerite Abouet na Clément Oubrerie walipoiongoza wenyewe filamu ya riwaya yao ya katuni, Aya de Yopougon, iliyotoka 2013, walitumia juzuu mbili za kwanza.

Maneno yaliyo kwenye viputo, yale mapovu ya usemi wa wahusika, ndiyo mtego unaodharauliwa. Katika fremu moja mhusika anaweza kurusha ngumi huku akisema mistari mitatu, na msomaji asione kasoro, kwa kuwa fremu haina saa. Mwigizaji hawezi: ngumi inakwisha kabla hajamaliza maneno matano. Soma kila kiputo kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Maneno 25 hula kama sekunde kumi. Yanayozidi tendo, yahamishie kabla yake au baada yake, au yafute.

Kuhusu mchoro, jiulize kwanza kama waigizaji wa kweli wanahitajika. Marjane Satrapi na Vincent Paronnaud waliiacha filamu ya Persepolis ya mwaka 2007, iliyotokana na riwaya ya katuni ya Satrapi, ibaki ya kuchorwa, sehemu kubwa nyeusi na nyeupe. Naona walifanya sawa kabisa. Uso wa mistari michache humruhusu mtu wa popote ajione ndani yake, na uso wa mwigizaji hauwezi kutoa nafasi hiyo.

Haki zikaguliwe kwa maandishi tangu mkataba wa kwanza kabisa, hata kama ni wa miaka mingi iliyopita. Kampuni ya filamu ya Fox iliishtaki kampuni nyingine, Warner, mwaka 2008 kwa madai ya haki za zamani za Watchmen, wakati filamu imeshapigwa. Walipatana Januari 2009, miezi miwili kabla ya kuzinduliwa.

Mkato wa kwanza wa filamu, yaani toleo la kwanza lililohaririwa, waonyeshe watu wasiokisoma kitabu, peke yao, bila mashabiki. Waulize kila mhusika anataka nini. Wakikwama mahali ambapo mashabiki hawakwami, basi mashabiki wanajazia kwa kukumbuka kitabu, na onyesho hilo lirudi kwa mhariri.