Re: Mwanamke anaweza kuishi kwa hoki ya barafu?

Mkuu, umeuliza kama mwanamke anaweza kuendesha maisha kwa kucheza hoki ya barafu tu. Siku hizi anaweza, ila ni jambo la juzijuzi. CWHL, ligi ya wanawake ya Kanada, ilianza kulipa posho mwaka 2017, kati ya dola 2,000 na 10,000 za kule kwa msimu, kisha ikavunjika 2019. Wengi walishinda kazini mchana, usiku mazoezini. PWHL, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani na Kanada, ilipoanza Januari 2024, mshahara wa chini ulikuwa dola 35,000 za Marekani kwa msimu. Si utajiri huo! Hata nyota wa Kanada Marie-Philip Poulin, aliyefunga katika fainali nne mfululizo za Olimpiki, 2010 hadi 2022, alifikisha miaka 32 ndipo akaionja ligi ya namna hiyo.