Maswali na Majibu: Modeli ina asilimia 99, mbona kengele hailii?

Swali. Nafunga kamera hapa Moshi. Mteja wangu mwenye ghala ana watu 6 aliowapiga marufuku, anataka wakifika getini kengele ilie. Nimefundisha modeli, yaani programu ya kutambua sura, kwa picha 12,000 za sura: 120 za hao 6, zilizobaki za wapita njia. Kwenye majaribio ilipata asilimia 99. Getini, wawili wamepita mchana kweupe na kengele kimya. Nimekosea wapi?
*Fundi, Moshi*

Jibu. Ndugu fundi, hiyo asilimia 99 ndiyo inayokupotosha. Modeli ikijibu "siye" kwa kila sura inayoletewa, inapatia 11,880 kati ya 12,000, yaani asilimia 99 kamili, na haijamkamata hata mmoja. Iache hesabu hiyo. Pima mawili: kati ya mara walizopita hao 6, kengele ililia mara ngapi, na kati ya kengele zote zilizolia, za kweli ni ngapi.

Sasa kagua hizo picha 120. Kamera ikipiga fremu (picha mojamoja za video) 25 kwa sekunde, mtu anayekatiza geti kwa sekunde 4 anaacha fremu 100 zinazofanana kama mapacha. Ulichonacho kinaweza kuwa watu wachache waliopita mara mojamoja. Na kama ulichanganya picha zote ndipo ukazigawa, fremu ya 31 imeingia kwenye mafunzo na ya 32 kwenye majaribio, mtihani umevuja. Gawa kwa siku: siku za kufundishia zisiguse siku za kupimia.

Wengi hukimbilia kuzipa picha chache uzito mkubwa, ili kosa kwenye picha hizo lihesabiwe zaidi, kwako mara 99. Modeli itakariri picha zilezile 120, mpaka rangi ya shati. Kutengeneza sura mpya kwa kuchanganya pikseli (vidoti vya picha) za sura mbili ni kubaya zaidi: unapata mtu asiyekuwepo, mwenye macho manne hafifu.

Ushauri wetu, usifundishe toka mwanzo. Chukua modeli iliyokwisha kufundishwa kwa sura nyingi, inayogeuza kila sura kuwa orodha ya namba, kwa mfano 512. Kwa kila mmoja wa hao 6 weka picha 5 hadi 10 za siku, pembe na mwanga tofauti, kisha linganisha namba zao na za anayepita, upate alama ya jinsi wanavyofanana. Usiamue kwa fremu moja: chagua fremu 10 zilizo wazi za pito hilo, chukua alama ya katikati.

Kizingiti, yaani alama ambayo ikifikiwa kengele inalia, kipange kwa video halisi ya geti, usitumie data uliyosawazisha nusu kwa nusu, waliopigwa marufuku na wapita njia. Tuseme zinapita sura 2,000 kwa siku na modeli inakosea asilimia 1 tu: hizo ni kengele 20 za uongo, huku mhusika akija mara moja. Wiki haiishi, mlinzi amezima kengele.

Jambo moja la lazima: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu alama za kibayometriki, yaani za mwili zinazomtambulisha mtu, kuwa taarifa nyeti. Picha za wapita njia usizirundike. Mteja aweke tangazo getini na apate ushauri wa kisheria kabla ya kuwasha mfumo.

Swali. Kamera yetu inatambua vizuri mchana, asubuhi inashindwa kabisa.
*Msomaji, Arusha*

Jibu. Huenda lenzi inatazama mashariki. Jua likiwa nyuma ya mtu, sura inakuwa kivuli cheusi, na modeli haiwezi kusoma kisichoonekana. Geuza kamera au weka taa inayomulika usoni, kisha hakikisha sura ina upana wa pikseli 100 hivi. Picha za usajili, zile mnazolinganishia, ziwe pia za asubuhi, na za Juni na Julai watu wakiwa wamevaa mizula. Ukisajili za Januari pekee, wakati wa baridi watu walewale watakataliwa.